Nani Atasimama Hapa?

Somo: Hesabu 4:29–33

 Fungueni pamoja nasi kitabu cha Hesabu, sura ya nne. Twajua ni sura ambayo wengi huipita upesi, wakiharakisha kumfikia Balaamu na punda wake. Lakini leo twawaomba tusimame hapa kidogo, maana hapa wana wa Merari wanagawiwa mizigo yao.

Na ni mizigo gani! Wana wa Kohathi walichukua sanduku la agano, meza, kinara na madhabahu, vitu ambavyo kila mtu angependa kusema, "Mimi nilivibeba." Wana wa Merari walipewa mbao, mataruma, nguzo, vitako, vigingi na kamba. Tena Musa aliagizwa kwamba vitu hivyo vitajwe kwa majina, kila mtu na mzigo wake. Kigingi kinatajwa. Kamba inatajwa. Kwa nini? Maana maskani ya Bwana ilikuwa nyumba ya kufunguliwa na kuunganishwa. Soma Kutoka sura ya 26 utaona: kila ubao una ndimi mbili, na chini yake vitako viwili vya fedha, ulimi mmoja kwa kitako kimoja. Ikiwa jioni wamefika mahali pa kutua na kitako kimoja kimesahauliwa nyuma jangwani, ubao huo hausimami, hata kama dhahabu yake yang'aa namna gani.

Wenzetu wa kaskazini mwa Kenya hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza jambo hili. Tangu zamani mama wa Kirendille, wa Kigabra na wa Kisomali amefungua nyumba yake asubuhi, akaipakia juu ya ngamia, na jioni akaisimamisha mahali pengine. Fito zilizopindwa, mikeka, ngozi na kamba, kila kimoja chajua mahali pake, na kazi ya kuisimamisha na kuifungua ni ya wanawake. Basi tukisimuliwa kwamba huko Uswidi, mwaka 1956, mfanyakazi mmoja wa kampuni ya IKEA aliing'oa miguu ya meza ili iingie katika motokaa, na kwamba tangu hapo dunia ilijifunza kuuza samani zikiwa vipande ndani ya boksi bapa, twatabasamu. Wazungu wameifikia hekima ya ngamia.

Twayasema haya kwa sababu ya jiko moja lililofika Bulla Pesa.

Bulla Pesa ni mtaa wa mji wa Isiolo. Jina lake lina pesa ndani, ingawa wenyeji watakuambia kwamba wengi humo bado wanaitafuta. Ni mtaa wa watu wa namna nyingi: Waborana, Wasomali, Waturkana, pamoja na Wasamburu, Wameru na wengine. Adhana na kengele husikika katika vichochoro vile vile. Humo anakaa mama mmoja wa ushirika wetu, mjane, aliyewasomesha watoto wake kwa chai na chapati alizouzia wachuuzi wa mifugo na madereva wa malori. Alipika miaka mingi juu ya mafiga matatu, baadaye juu ya jiko la makaa. Mwanawe aliyepata kazi Nairobi alinunua jiko zima la kisasa: makabati ya chini na ya juu, meza ya kufanyia kazi, sinki, milango yenye vioo. Lilikuja kwa lori, karibu kilomita 280, likiwa limelala ndani ya maboksi bapa kama vitabu vikubwa.

Tulikwenda kusaidia kushika mbao. Sebule ilijaa maboksi na majirani. Bibi mmoja wa Kiborana, jirani wa miaka mingi, alitazama fito za chuma, mbao na mfuko wa skrubu, akacheka akamwambia mwenye nyumba, "Mama, hii ni nyumba ya kuhama. Unahamia wapi?"

Fundi alikuwa seremala wa mtaa huo huo, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Vijana walitaka kuanza mara moja na kabati kubwa. Yeye aliomba sinia. Akamwaga humo mfuko wote wa vitu vidogo: skrubu, vijiti vya mbao vya kuunganishia, vishikizo vya kugeuzwa nusu mzunguko, bawaba, miguu ya plastiki. Akavihesabu kimoja kimoja, akivilinganisha na karatasi ya maagizo. Alitumia karibu saa nzima. Kijana mmoja alinung'unika kwamba siku inakwisha. Lakini hesabu ilipokamilika, bawaba mbili hazikuwamo. Simu ikapigwa Nairobi, dukani wakakiri, na bawaba zikaletwa kwa basi siku ya tatu. Fikiri kama upungufu huo ungegunduliwa jioni, fundi akiwa ameinua mlango mkononi! Sisi tuliokuwa hapo tuliwakumbuka wana wa Merari, na tangu siku ile hatuisomi sura ya nne ya Hesabu kwa haraka.

Kisha akaleta pimamaji. Ndugu, ni kifaa kidogo lakini hakina upendeleo. Kiliwekwa sakafuni, na povu la ndani likakimbilia upande mmoja. Sakafu iliteremka kuelekea mlangoni, na kwa sababu njema: waliomwaga saruji walitaka maji ya kuoshea yatoke nje. Pembe ya ukuta nayo haikuwa ya mraba. Karatasi ya maagizo ilichorwa na mtu aliyedhani kwamba kuta zote za dunia zimenyooka. Fundi hakuilaumu karatasi wala hakuulaumu ukuta. Alitafuta mahali sakafu ilipoinuka zaidi, akaanzia hapo, akachora mstari ukutani kuzunguka chumba chote. Makabati mengine yaliinuliwa kwa miguu yao ya skrubu mpaka yakafikia mstari huo. Ukianzia mahali pa chini, alisema, ukifika pa juu utakuta kabati haliwezi kushuka zaidi, nawe utalazimika kubomoa yote. Pengo la pembeni likafunikwa kwa ubao mwembamba uliokatwa kufuata upotovu wa ukuta. Pale alipokata tundu la sinki alipaka kingo zote dawa ya kuzuia maji, maana mbao hizi ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na zikinywa maji huvimba kama mkate.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe.

Karatasi ilisema kwamba meza iwe na kimo cha sentimita 90. Fundi alikuwa amepiga magoti karibu na kabati la kwanza, mkono wake juu ya mguu wa plastiki. Akainua macho akauliza, "Nani atasimama hapa?"

Watu walitazamana. Mama akajibu, "Jiko ni langu, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini nani atasimama hapa kila siku?"

Mahali pa kusimama palikuwa patupu. Aliyepika katika nyumba ile hakuwamo chumbani. Alikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda cha mabati, akipepea makaa kwa kifuniko cha sufuria, anawapikia watu wote hawa waliokuja kulitazama jiko. Ni binti aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi za nyumbani. Aliitwa. Akaingia mbio akifuta macho, akidhani ametumwa chai. Fundi akamwambia asimame wima, akunje mkono, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko: sentimita 97. Akatoa 12. Akaizungusha miguu ya makabati mpaka meza ikashuka ikawa sentimita 85.

Mama hakufurahi. Alisema wageni wataiona meza fupi. Fundi akajibu kwa adabu, "Mgeni, mama, atakaa upande ule," akaonyesha sebule.

Wapendwa, tusimcheke mama huyu. Yeye mwenyewe alipinda mgongo juu ya mafiga miaka mingi. Milango ile ya vioo kwake ni heshima, ni mwana anayesema mbele ya mtaa wote, "Mama, nimeyaona machozi yako ya moshi." Ni vyema mwana amheshimu mama yake. Lakini machozi ya moshi hayakuwa yamekwisha katika nyumba ile. Yalikuwa yamehamia kwenye macho ya mtu mwingine.

Tena jambo hili si la Bulla Pesa peke yake. Tumeingia katika nyumba nyingi za waumini, mijini na mashambani, tukaonyeshwa jiko la ndani, linang'aa, vikombe vimepangwa, na hakuna harufu ya kitunguu. Halikupikiwa kamwe. Jiko linalolisha nyumba liko nyuma, gizani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 ambao hawakufikia miaka mitano. Ndio waliokuwa mgongoni mwa mpishi. Hatuutukani moshi kwa jumla. Kina mama wauzao maziwa ya ngamia Isiolo wajua kufukiza vyombo vyao ili maziwa yasafiri salama, na moshi ule ni mtumishi mwema. Lakini mtumishi huyo akifungiwa na mtu katika kibanda kisicho na dirisha, huwa bwana mkali. Na mtu asidanganyike kwamba makaa ni salama kwa kuwa moshi wake hauonekani. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewalaza wengi usingizi wasiouamka.

Swali la fundi si jipya, ingawa laulizwa mara chache. Katika mwaka 1869 huko Marekani, Catharine Beecher na dada yake Harriet Beecher Stowe, mabinti wa mhubiri Lyman Beecher, walichapisha kitabu cha kuendesha nyumba ya Kikristo. Ndani yake walichora jiko lililopangwa kama jiko dogo la meli, kila chombo mahali ambapo mkono wa mpishi waweza kukifikia. Waliona kwamba uchovu wa mwanamke ni jambo la dini. Na mwaka 1926, huko Frankfurt, Ujerumani, mwanamke msanifu wa majengo, Margarete Schütte-Lihotzky, alitengeneza jiko dogo la kujengewa ndani kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi, akizihesabu hata hatua za mpishi. Majiko kama 10,000 yalifungwa katika nyumba za mji ule, na makabati yote ya leo ni wajukuu wake. La kushangaza ni kwamba baadaye alisema mwenyewe kuwa wakati ule hakuwa amepata kupika. Aliuliza vizuri tu. Basi wanaume wanaosema, "Hayo ya jikoni sisi hatuyajui," hawana udhuru.

Naam, na sisi wa kanisa? Hapa twaomba kamati za ujenzi zitusikilize. Twajua makanisa yenye mimbari ya mbao nzuri iliyopigwa msasa na kupakwa vanishi, sakafu ya vigae na vipaza sauti vya gharama. Zunguka nyuma siku ya mkutano mkubwa. Utawakuta mama wa ushirika ndani ya mabati manne, sufuria za wali zikichemka juu ya kuni mbichi, macho mekundu, wakiwapikia watu mia tatu wanaoimba juu ya furaha. Chakula kikiletwa, tunakiombea, tunakisifu. Katika mkutano wa ujenzi tumesikia mjadala wa saa mbili juu ya rangi ya mapazia ya madhabahuni. Juu ya dirisha la jiko hatujasikia hata dakika kumi.

Nabii Zekaria, katika sura ya mwisho ya kitabu chake, aliiona siku ambayo sufuria za nyumba ya Bwana zitakuwa sawa na mabakuli yaliyo mbele ya madhabahu, na kila chungu katika Yerusalemu kitakuwa kitakatifu. Hakusema vyungu vya sebuleni. Alisema kila chungu, pamoja na kile cheusi cha masizi kilicho nyuma ya nyumba. Na ikiwa chungu ni kitakatifu, je, yule anayekishika kwa kitambaa kilichoungua aitwe nani?

Tena soma Yohana sura ya 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha, wamechoka, wamelowa. Wanapofika ufukoni wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nani aliwasha moto ule? Bwana aliyefufuka. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu ashinde mauti, na twamwona ameinama karibu na makaa, anawatayarishia watu wenye njaa chakula cha asubuhi. Hakumtuma mtu. Aliyepata kupuliza makaa alfajiri, akiwa mtumishi wa nyumba ya watu, ajue kwamba Bwana wa utukufu alisimama mahali pale pale.

Wengine watatuuliza mambo yale yaliishaje. Siku ile mama hakusema neno zaidi. Lakini bawaba zilipofika siku ya tatu na fundi akarudi, mama alikuwa amebadilisha shauri moja. Mwanawe alikuwa amemtumia fedha za vigae vya ukutani, vyenye maua. Akazitumia kununua mtungi wa gesi na jiko la gesi la kuweka mezani. Ukuta ukabaki na rangi yake ya zamani. Fundi alikataa kuufungia mtungi ndani ya kabati. Aliuweka nje ya ukuta, mahali penye hewa na kivuli, akapitisha mpira wake katika tundu, kisha akatoboa matundu ya hewa chini kabisa ya kabati lililo karibu. Wengi huyatoboa juu, wakidhani gesi hupanda kama moshi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala chini, hivyo mlango wake wa kutokea uwe chini.

Binti alifundishwa kufunga mtungi kila usiku, na kupaka povu la sabuni kwenye maungio ili aone kama linatoa mapovu. Alijifunza kwa siku moja. Mama alichukua siku nne, na mpaka leo huliogopa kidogo.

Wala tusiwadanganye kwamba makaa yaliisha. Mahindi na maharage huchemka saa nyingi, na gesi ni fedha. Githeri bado yapikwa nje. Lakini kile kibanda kiliondolewa mabati ya pande mbili, kikabaki na paa, upepo wa Isiolo unapita ndani yake, na jiko lililokuwa la bati tupu lilibadilishwa kwa lile lenye udongo ndani, la namna iliyoanza kutengenezwa Kenya katika miaka ya 1980, linalokula makaa machache. Chai, chapati na mboga hupikwa ndani. Binti husimama kwenye meza ya sentimita 85 na mgongo wake umenyooka. Bibi wa Kiborana huja asubuhi, huketi kwenye kigoda karibu na sinki, humwelekeza jinsi ya kutia iliki, ingawa hajaulizwa.

Kabla hatujaomba, twawaomba wote mlio karibu na redio mfanye jambo moja. Jioni hii, chakula kinapokuwa motoni, mzee wa nyumba aende mahali kinapopikwa. Asitume mtu. Asimame hapo muda wa kusoma zaburi moja, huku mlango umefungwa kama ufungwavyo siku ya mvua. Kisha atoe tepu mfukoni, au kamba, na kumuuliza mpishi kiwiko chake kiko wapi.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyewasha moto ufukoni, twawataja mbele zako wanaopika saa hii: mama zetu, dada zetu, mabinti walio katika nyumba za watu mbali na kwao, na wanaume wapikao katika mahoteli na mashule. Wapoze macho yao. Umkumbuke na yule fundi wa Bulla Pesa, na kazi ya mikono yake. Amina.